Nani Alipima Gesi ya Ng'ombe wa Shosh? Stori ya Namba za Kukopa na Doh Inayozifuata

Umeshaiona ile meme ya ng'ombe anajamba mpaka dunia inachemka. Ukacheka, ukaituma kwa grupu ya familia, ukasonga na maisha. Poa. Lakini kuna swali moja ambalo halinanga meme: hiyo gesi ilipimwa na nani, na ilipimwa kwa ng'ombe wa nani?

Usidhani ni swali la maprofesa peke yao. Kenya iko na zaidi ya ng'ombe milioni 15. Kuna ule wa zero kule Kiambu anayelishwa nepia na chakula cha gunia, kuna wa Nandi, kuna wa Garissa anayetembea siku nzima akitafuta maji. Wote wako kwenye hesabu moja kubwa ambayo nchi yetu hupeleka UN kusema tunatoa gesi kiasi gani. Hiyo hesabu ndiyo wafadhili huangalia kabla watoe pesa. Ndiyo kampuni za kaboni huangalia kabla zije kwa chifu na fomu. Na siku ikitokea serikali iamue kuweka ushuru au masharti kwa mifugo, ni hiyo hiyo watashika.

Sasa kama namba yenyewe ilikopwa, ujue kuna mtu analipishwa bili ya meza nyingine.

Tumalizane na stori ya kujamba

Ng'ombe hachafui hewa kwa nyuma, anachafua kwa mdomo. Zaidi ya asilimia 90 ya gesi ya methani inayotoka tumboni mwake hutoka akibeua. Ule mwendo wake wa kulala chini ya mti akicheua kama msee anatafuna muguka ndio kiwanda chenyewe.

Inafanyika hivi. Ng'ombe hula majani ambayo wewe na mimi hatuwezi kusaga hata tukijaribu. Kwenye tumbo lake la kwanza, lile kubwa, kuna vijidudu wasiohesabika wanaovunja hayo majani yawe chakula. Katika hiyo kazi kunabaki hidrojeni, na kuna vijidudu wengine wanaichukua hiyo hidrojeni, wanaichanganya na kaboni dioksaidi, wanatoa methani. Ng'ombe haina kazi nayo, kwa hivyo anaibeua. Kwa ng'ombe ni hasara pia, juu karibu asilimia 6 ya nguvu yote iliyokuwa kwa chakula inapotelea hewani badala ya kuwa maziwa au nyama. Weka hiyo point mfukoni, tutairudia.

Mbona watu wanaiogopa methani? Kilo moja yake hupasha dunia joto karibu mara 28 ya kilo moja ya kaboni dioksaidi, ukihesabu kwa miaka 100. Ukihesabu kwa miaka 20 pekee, inafika karibu mara 80. Habari njema ni kwamba haikai sana hewani, kama miaka 12 hivi inavunjika. Kaboni dioksaidi ya gari na viwanda hukaa karne na karne. Kwa hivyo ng'ombe na lori la dizeli wote wako kwenye kesi, lakini mashtaka yao hayafanani.

Namba 46 ilitoka wapi?

UN iko na jopo la wanasayansi wa tabianchi linaloitwa IPCC. Mwaka 2006 hao wasee walitoa kitabu cha maelekezo cha nchi zote: hivi ndivyo utahesabu gesi yako. Wakaweka njia za ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni ya wale hawana data. Unachukua idadi ya ng'ombe wako, unazidisha na namba iliyo kwenye jedwali, umemaliza. Ngazi ya pili unaangalia ng'ombe wako mwenyewe: ana kilo ngapi, anakula nini, anatoa maziwa kiasi gani, anatembea umbali gani. Ngazi ya tatu ni ya nchi ambazo zina vipimo na modeli zao zenyewe za ndani kabisa.

Kwenye lile jedwali la 2006, ng'ombe wa maziwa wa Afrika aliwekewa kilo 46 za methani kwa mwaka. Ng'ombe wengine wa Afrika, kilo 31. Wa maziwa wa Amerika Kaskazini aliwekewa 128, na wa Ulaya Magharibi 117.

Kwa miaka mingi nchi nyingi za Afrika, pamoja na sisi, zilikuwa zinachukua hiyo ngazi ya kwanza. Si ati kuna mtu alitupangia. Ni kwamba kupima ni gharama na data haikuwa. Shida ni kwamba namba moja ya bara zima inamweka ng'ombe wa Turkana na wa Limuru kwenye kiatu kimoja. Ni kama kusema kila Mkenya hutumia elfu kumi kwa mwezi kwa chakula. Labda wastani inakaribia, lakini uende uambie hivyo mtu wa Mukuru na mtu wa Runda uone kama watakuelewa.

Na angalia huu mchezo. Ng'ombe mmoja wa kienyeji wa kijijini anakamuliwa lita moja asubuhi na nusu jioni. Huyo ni wa maziwa ama si wa maziwa? Ukimweka sanduku la kwanza ni 46. Ukimweka la pili ni 31. Hajabadilika hata unyoya, lakini karani amebadilisha kalamu na gesi imeshuka kwa theluthi nzima.

Mwaka 2019 IPCC ilirekebisha jedwali, ikagawa ng'ombe wa Afrika kati ya mifumo ya uzalishaji mkubwa na ile ya uzalishaji mdogo. Na namba za bara letu zilipanda, hazikushuka. Ndiyo maana kupima wenyewe si jambo la kungoja.

Sasa unapimaje mbweu?

Hapa ndipo stori inanoga. Hii kazi inafanyika hapa hapa Nairobi. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, makao yake makuu yako upande wa Kabete. Ndani yake kuna kituo kinaitwa Mazingira Centre. Huko kuna chemba za kupima pumzi ya ng'ombe, na ni miongoni mwa za kwanza kabisa barani Afrika.

Fikiria chumba kidogo chenye kuta unazoona ndani, kimefungwa vizuri. Ng'ombe anazoeshwa kwanza ndio asipate presha, juu ng'ombe mwenye wasiwasi hali vizuri na vipimo vinaharibika. Akishaingia, chakula chake kinapimwa kwa mizani, kilichobaki kinapimwa tena. Feni inavuta hewa kutoka ndani, mashine inasoma methani kwenye hewa inayoingia na ile inayotoka. Tofauti ndiyo mbweu zake. Anakaa hivyo siku kadhaa, anatoka, anaingia mwingine.

Hiyo ndiyo njia safi zaidi, lakini iko na ubaya wake. Ni ghali, inapima ng'ombe wachache, na ng'ombe aliye kwa chumba si yule anayetembea kilomita kumi akitafuta nyasi.

Njia ya pili ni kumwachia ng'ombe uhuru. Unaweka kidude kidogo tumboni mwake kinachovujisha gesi nyingine polepole, inaitwa SF6, kwa kasi ambayo unaijua tayari. Halafu unamfunga mkebe shingoni wenye kabomba karibu na pua, unakusanya pumzi yake akiendelea na malisho. Ukilinganisha SF6 na methani kwenye mkebe, unajua alibeua kiasi gani. Kichekesho ni kwamba SF6 yenyewe hupasha joto kuliko kaboni dioksaidi kwa zaidi ya mara elfu 20. Inatumika kidogo sana, lakini bado ni kama kumwita mwizi mkubwa akusaidie kumtafuta mwizi mdogo.

Njia ya tatu ni mashine iliyotengenezwa kule South Dakota, Marekani, inaitwa GreenFeed. Iko kama kioski. Ng'ombe anaweka kichwa ndani kula vitu vitamu kidogo, feni inanyonya pumzi yake kwa dakika chache, anaenda zake. Kuna pia leza ya mkononi: unasimama mbali kidogo, unaielekeza puani mwa ng'ombe kama askari wa trafiki anayepima spidi pale Thika Road.

Halafu kuna setilaiti. Mwaka 2022 kampuni ya GHGSat ya Canada ilitangaza kwamba setilaiti yake imeona methani ya ng'ombe kutoka angani, kwenye uwanja wa kunenepeshea ng'ombe huko California. Lakini hao ni ng'ombe wengi sana wamesongamana pahali pamoja. Ng'ombe watatu wa jirani yako hawataonekana kutoka juu leo wala kesho. Na hizo mashine pia ni za bahati. MethaneSAT, iliyorushwa Machi 2024 mahususi kwa kazi ya methani, ilipoteza mawasiliano Juni 2025, kabla hata haijamaliza mwaka na nusu.

Kwa hivyo kwa mkulima mdogo, jibu halitoki angani. Linatoka chini, kwa mtu aliye na mizani na gamubuti.

Nyando: watu walipoenda kupima kweli

Watafiti wa ILRI walienda Nyando, kule upande wa Kisumu na Kericho. Hawakubeba chemba kwenda kijijini. Walichofanya ni kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa mwaka mzima, msimu baada ya msimu. Wakapima uzito wa ng'ombe, wakaangalia kama ameongeza ama amepoteza, wakahesabu maziwa, wakachunguza majani yanayoliwa, na umbali anaotembea. Kutoka hapo wakapiga hesabu ya kurudi nyuma: ng'ombe wa kufanya haya yote lazima alikula kiasi gani? Ukishajua alikula nini, unaweza kukadiria mbweu.

Matokeo yalichapishwa 2018. Ng'ombe jike mzima wa Nyando alitoka karibu kilo 28 za methani kwa mwaka. Linganisha na 46 ya jedwali la ng'ombe wa maziwa. Hata ukimlinganisha na ile 31 bado yuko chini.

Mimi chuo niliacha, lakini hii hesabu haitaki digrii. 46 toa 28 ni 18. Zidisha kwa 28 upate kwa lugha ya kaboni dioksaidi: ni kilo 504 kwa ng'ombe mmoja kwa mwaka. Chukua mfano tu wa ng'ombe milioni moja wa aina hiyo. Hizo ni tani zaidi ya nusu milioni za gesi ambazo ziko kwa karatasi, lakini haziko hewani.

Kwa nini alitoka chini? Jibu si tamu sana: juu ana njaa. Jedwali linachukulia ng'ombe anakula ashibe. Wa Nyando, kiangazi kikifika, anakula kinachopatikana, anapunguza kilo, mvua ikinyesha anazirudisha. Chakula kidogo, mbweu kidogo.

Na hapo ILRI wakapata kitu kingine. Walichukua madume ya Boran, wakawaweka kwenye chemba, wakawapunguzia chakula hatua kwa hatua kama vile kiangazi hufanya. Gesi ya jumla ilishuka, ndiyo. Lakini kwa wale waliobanwa chakula kabisa, methani kwa kila kilo ya chakula iliyoliwa ilipanda. Kwa maneno mengine, ng'ombe wa njaa anapoteza hata kile kidogo alichopata. Ile point uliyoweka mfukoni ndiyo hii.

Boma lililohamwa bado linatoa gesi

Mbweu si stori yote. Kuna mavi na mkojo, na hapo gesi kubwa ni naitrasi oksaidi, ambayo hupasha joto zaidi ya mara 265 ya kaboni dioksaidi.

Vipimo vilivyofanywa hapa Kenya kwenye malisho vilionyesha kwamba mavi ya ng'ombe wetu yakianguka kwa nyasi hutoa naitrasi oksaidi kidogo sana kuliko ile asilimia 2 ya naitrojeni ambayo maelekezo ya 2006 yalikuwa yanatumia. Inaeleweka. Ng'ombe anayekula majani makavu yasiyo na protini nyingi, hata mavi yake hayana kitu cha kugeuka gesi.

Ukiishia hapo utasema tumeshinda. Subiri kidogo. Kuna utafiti mwingine uliochapishwa 2020, uliofanywa kwenye maboma, pale ng'ombe hulala usiku. Sehemu yake ilifanyika Kapiti, ranchi ya utafiti ya ILRI kule Machakos. Mavi yakirundikana pahali pamoja usiku baada ya usiku, ardhi inajaa naitrojeni kuliko majani yanaweza kutumia. Waligundua hayo maboma ni sehemu moto za naitrasi oksaidi ambazo hesabu za kawaida zilikuwa zimezisahau. Na hata watu wakihama, boma linaendelea kutoa gesi kwa miongo, mpaka miaka 40 hivi.

Umeona basi? Kupima wenyewe si njia ya kujitafutia msamaha. Upande mmoja unagundua ulikuwa unasingiziwa, upande mwingine unagundua kuna deni ulikuwa hujui. Mtu anayetaka namba za Kiafrika juu anadhani zitakuwa ndogo kila mahali, huyo hataki kupima, anataka kutetewa.

Usisherehekee bado, kuna hesabu ya lita

Kuna njia mbili za kumsoma ng'ombe. Ya kwanza ni gesi kwa kila kichwa. Hapo wa Afrika anatokea malaika: 46 dhidi ya 128 ya yule wa Amerika Kaskazini.

Ya pili ni gesi kwa kila lita ya maziwa. Lile jedwali la 2006 linachukulia ng'ombe wa maziwa wa Afrika anatoa karibu kilo 475 za maziwa kwa mwaka. Wa Amerika Kaskazini, 8,400. Gawanya. Kila kilo ya maziwa ya huku imebeba karibu gramu 97 za methani. Ya kule, karibu gramu 15. Malaika ameshakuwa mshukiwa, zaidi ya mara sita.

Ng'ombe ni wale wale na mwaka ni ule ule, swali peke yake ndilo limebadilika. Kwa hivyo mtu akikuja na grafu, cha kwanza kabla ya kubishana muulize: hii ni kwa kichwa ama kwa lita? Kampuni kubwa za maziwa za ng'ambo hupenda hesabu ya lita, juu hapo wanang'aa. Wanasiasa wetu wakienda mikutano hupenda ya kichwa, ama ya nchi nzima. Kila mtu anachagua kioo kinachomfanya aonekane fiti.

Na hesabu ya lita iko na shimo lake. Ng'ombe wa Borana si mashine ya maziwa. Ni benki ya akiba, ni mahari, ni karo ya Januari, ni mbolea, ni bima ya mazishi. Ukiugawa mzigo wote wa gesi kwa lita za maziwa pekee, unamlipisha maziwa deni la kazi zingine zote. Lakini pia tusijidanganye. Mkulima wa Githunguri ama Bomet anayeuza maziwa kwa ATM ya maziwa pale mtaani anataka lita zaidi kwa ng'ombe huyo huyo. Hapo masilahi ya mfuko wake na ya hewa yako kwa barabara moja: ng'ombe aliyeshiba, asiye mgonjwa, anayezaa kwa wakati, anatoa maziwa mengi kwa kila mbweu.

Sasa tuongelee doh

Kenya iliahidi mwaka 2020 kwamba itapunguza gesi kwa asilimia 32 kufikia 2030, ukilinganisha na vile ingekuwa bila kufanya chochote. Ilisema itajilipia asilimia 21 ya gharama ya kupunguza, hiyo ingine itoke nje. Na kilimo ndicho kilikuwa na mgao mkubwa zaidi wa gesi yetu, karibu asilimia 40 kwa hesabu ya 2015, mifugo ikiwa mbele.

Mtu wa nje hakupi pesa kwa ahadi. Anataka kuona kabla na baada. Na hapa ngazi ya kwanza inakuumiza vibaya. Kama unazidisha tu idadi ya ng'ombe na 46, mkulima anaweza kulisha vizuri, apunguze magonjwa, maziwa yapande mara mbili, na bado kwa karatasi hakuna kilichobadilika. Njia pekee ya kushusha namba ni kupunguza ng'ombe. Yaani fomula yenyewe imeshakuamulia sera: uza ng'ombe.

Ndiyo maana ilikuwa maana kubwa idara ya mifugo ilipotoa mwaka 2020 hesabu ya ng'ombe wa maziwa ya kuanzia 1995 mpaka 2017 kwa kutumia ngazi ya pili. Haikuvuma mitandaoni, hakuna msanii aliiimba. Lakini ndiyo ilifungua mlango wa mkulima kuhesabiwa kwa bidii yake, badala ya kuhesabiwa kwa vichwa tu. Waliobaki nyuma ni wafugaji wa kuhamahama. Data ya ng'ombe wao ni ngumu kupata, juu leo wako hapa na kesho wamevuka kaunti. Na ndio kiangazi kinawapiga kwanza. Ukame uliomalizika 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2.5.

Kaskazini kilichotokea

Kuna upande mwingine wa biashara: hupimi mbweu, unapima udongo. Wazo ni kwamba ng'ombe wakilishwa kwa zamu, nyasi zinapumzika, mizizi inashuka, kaboni inakaa ardhini. Hiyo kaboni unaiuza kama krediti kwa kampuni zinazotaka kusafisha jina.

Mradi mkubwa wa aina hii uko kwetu. Unasimamiwa na NRT, Northern Rangelands Trust, kwenye karibu hekta milioni 1.9 za Isiolo, Samburu, Marsabit na Laikipia, ukihesabu kaboni kuanzia 2013. Netflix na Meta ni kati ya walionunua krediti zake. Machi 2023 shirika la Survival International lilitoa ripoti ikisema haijathibitishwa kwamba malisho yalibadilika vile inadaiwa, na kwamba mfumo huo unaingilia njia za jadi za ufugaji. NRT ilikataa madai hayo. Verra, wale wanaotoa cheti, wakaweka mradi chini ya uchunguzi. Halafu Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi Isiolo ikaamua kwamba hifadhi mbili za jamii ziliundwa kinyume cha sheria, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Moja ya hizo iko ndani ya mradi wa kaboni.

Sikuambii nani mkweli kuhusu udongo. Nakuambia angalia ni nani alikuwa na tepu ya kupimia. Mfugaji ndiye anabadilisha njia ya malisho, lakini kipimo, modeli na cheti viko kwa ofisi ambazo hajawahi kuingia. Ukiwa huwezi kusoma mizani, utalipwa vile muuzaji anapenda. Mtu yeyote aliyewahi kuuza majani chai ama kahawa anaijua hii ngoma.

Usidhani ni sisi peke yetu tunapigana na hizi namba. Denmark ilikubaliana mwaka 2024 kuanza kutoza ushuru wa gesi ya mifugo 2030. New Zealand ilikuwa mbele na mpango kama huo, wakulima wakaleta matrekta barabarani, na 2024 serikali ikaurudisha nyuma. Lakini hao wakulima waliingia kwa mjadala wakijua hesabu za shamba zao. Walibishana kuhusu bei, kipimo hakikuwa kigeni kwao.

Msee wa kaboni akibisha kwa shosh

Na atabisha, kama hajabisha tayari. Kwa hivyo chukua maswali haya uwapelekee watu wa nyumbani:

Moja, muulize namba zenu mmezipata kwa ng'ombe gani? Kama jibu ni jedwali, uliza ni ngazi gani. Kama walipima, walipimia kaunti gani na msimu gani.

Mbili, ni kwa kichwa, kwa lita, ama kwa hekta? Akijikanyaga hapo, kaza kamba.

Tatu, nani atakuja kupima mwaka ujao, na sisi tutaona matokeo kabla hayajauzwa ama baadaye?

Nne, mgao ni ngapi? Sheria ya Tabianchi iliyorekebishwa 2023 inasema mradi wa ardhi lazima upeleke kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato, na miradi isiyo ya ardhi asilimia 25. Lakini soma vizuri: asilimia 40 ya nini, na gharama gani zimetolewa kwanza?

Tano, mkataba ni wa miaka mingapi? Mradi wa miaka 30 unamfunga mtoto ambaye bado hajaanza nasari.

Na kwa wazito wa serikali, ombi ni moja tu: wapeni maafisa wa mifugo mashinani mizani na tepu za kifua. Tepu hiyo ni kitu rahisi, unaizungusha nyuma ya miguu ya mbele, inakupa makadirio ya uzito. Afisa mmoja akiwa na nauli ya boda na daftari anaweza kuleta data ambayo setilaiti ya mamilioni ya dola haijawahi kuiona. Na mkulima apewe nakala yake, ajue ng'ombe wake ana kilo ngapi. Hata kama hutaki kusikia neno kaboni, uzito ndio unakusaidia kutoa dawa ya minyoo kwa kipimo sahihi na kukataa bei ya brokaa.

Dunia itaendelea kuhesabu ng'ombe wetu, tupende tusipende. Wasipopata namba yetu watatumia ile ya jedwali, na bili italetwa kwa jina letu. Ukipiga simu shags wikendi hii, baada ya kuuliza mvua, uliza pia yule ng'ombe ana kilo ngapi. Kama hakuna mtu kwa boma anajua, basi tayari kuna mtu mahali amemjazia shosh hiyo nafasi.